Kituo cha Koli Tunakitaka, Lakini Kamyo Inaondoka Saa Ngapi?

Kila mara watu wa Lubumbashi wakianza kulalamika juu ya koli zenye kuchelewa ao kupotea, hakukosekani mtu wa kusema dawa ni moja tu: wajenge kituo kikubwa, chenye mashine, karibu na uwanja wa ndege wa Luano ao ku barabara ya Likasi, koli zote za Haut-Katanga na Lualaba zipitie humo, mambo yataisha. Mimi siko kinyume na kituo. Vituo vya triyaji, yaani mahali kazi ni moja tu, kutenganisha barua na koli kufuata kwenye zinaenda, vimesaidia posta za nchi mingi na hakuna posta kubwa leo inaishi bila hivyo. Lakini kuko kitu kinasahaulika kila mara, na kwangu mimi njo kiini cha mambo yote: kituo hakibebi koli. Kituo kinachukua kazi yenye ilikuwa inategemea kichwa cha mtu na kuifanya itegemee saa. Zamani ulihitaji mzee mmoja ku gicheti mwenye anajua njia ya Kasenga na njia ya Kipushi bila kutazama karatasi, kisha kituo kufunguka unahitaji kamyo iingie kabla ya saa fulani na ingine itoke saa fulani, kila siku, mvua ao jua, na saa zikikosa kuheshimiwa lile jengo la pesa mingi linageuka depo.

Tufanye kwanza hesabu, maana watu wanaongea sana juu ya vituo bila kuifanya. Chukua miji saba ya kwetu: Lubumbashi, Kipushi, Kasumbalesa, Kasenga, Likasi, Fungurume, Kolwezi. Ukitaka kila mmoja utume koli moja kwa moja kwa kila mwingine, unahitaji njia 42, saba mara sita. Ukiweka kituo Lubumbashi, ile miji sita inaleta zake na kuchukua zake hapo, njia zinabaki 12. Basi, hakuna uchawi mwingine. Gari ya kutoka Kasenga kwenda Fungurume peke yake ingebeba koli mbili tatu na shofere angekula hasara, lakini ukichanganya koli zote za Kasenga katika gari moja ya kwenda Lubumbashi inajaa, na ikijaa bei ya kila koli inashuka. Zaidi ya bei, gari yenye kujaa inaweza kuondoka kila siku. Yenye haijajaa inangoja. Na kungoja njo kunakula muda wa koli kuliko barabara, hata barabara mbaya. Watu wa grupaji, wale wanaokusanya mizigo ya wateja wengi katika kontena moja kutoka Guangzhou ao Dubai, wanajua hii hesabu kuliko mimi, ni kazi yao ya kila siku.

FedEx, kampuni ya Marekani ya kubeba vifurushi, ilianza na wazo hilo hilo. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1973 pale Memphis walikuwa na ndege 14, vifurushi 186, miji 25. Kila kifurushi kilipitia Memphis, hata kama mwenye kutuma na mwenye kupokea ni majirani kule mbali kaskazini, na watu waliona ni wazimu kuzungusha mzigo hivyo. Ila ndege zote zilitua usiku, koli zikapangwa usiku, ndege zikaondoka mbele ya jua kutoka. Mzunguko ulikuwa mrefu na koli ilifika asubuhi. Leo watu wakitembelea sehemu kama ile wanapiga picha mikanda yenye kukimbia, na ile karatasi ya saa za ndege hakuna mwenye anaipiga picha.

Mfano wenye unanipendeza zaidi ni Ujerumani, na ningependa wakubwa wetu wausome pole pole. Kisha nchi mbili kuungana mwaka 1990, walijikuta na namba za posta za pande mbili zenye kugongana, namba moja inaweza kuwa mji wa Mashariki na mji wa Magharibi, na triyaji ilikuwa inafanyika mahali pengi sana kwa mikono. Tarehe 1 Julai 1993 wakaleta namba mpya za tarakimu tano, nchi nzima siku moja. Pamoja na hiyo wakajenga vituo 33 vya koli, na katika miaka yenye ilifuata vituo 83 vya barua. Tazama vizuri: namba zilitengenezwa kufuata vituo, tarakimu mbili za mwanzo zinaonyesha barua inaenda kwenye kituo gani, kwa hiyo mtu ao mashine hahitaji kujua kijiji kiko wapi, anasoma tarakimu mbili na kutupa barua mu sanduku lake. Anwani na jengo vilizaliwa pamoja. Na vituo vya koli vilikuwa 33, si kimoja, maana walitaka kamyo itoke jioni ku kituo chochote na ifike usiku ku kingine chochote, na kwa nchi ya ukubwa ule kituo kimoja ao vitatu visingeweza.

Kisha serikali yao ikaweka kipimo ndani ya sheria: barua 80 kwa 100 zifike siku ya kazi inayofuata, 95 siku ya pili. Sio maneno ya matangazo, ni sheria. Lakini barua zimepunguka sana, watu wanaandikiana ku telefoni, na mwaka 2024 wakabadilisha sheria, tangu 2025 inatosha 95 kwa 100 zifike siku ya tatu. Nasema hivi kusudi tukumbuke ya kwamba posta inaweza kuonekana nzuri kwa kufanya kazi vizuri, na inaweza pia kuonekana nzuri kwa kuahidi kidogo, na mwenye kusoma takwimu peke yake hataona tofauti.

Marekani sasa. Mwezi wa tatu 2021, mkuu wa posta yao, Louis DeJoy, alitoa mpango wa miaka 10. Posta ya kule ilikuwa na majengo mengi ya triyaji yenye yalikua ovyo kwa miaka mingi, barua zinapita hapa, koli pale, makamyo yanatembea nusu tupu, na yeye alitaka kukusanya kazi hiyo katika vituo vikubwa vya mkoa, kama 60 hivi. Kwa karatasi ni ile hesabu yetu ya 42 na 12, na mimi sioni kosa ndani yake. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Richmond, jimbo la Virginia, Julai 2023, na barua za mkoa ule zikaanza kuchelewa. Wakaguzi wakaenda, wakakuta kazi ya saa za ziada imepanda, safari za kamyo za ziada zimepanda, yaani kitu chenye kilijengwa kupunguza gharama kiliziongeza. Ungefikiri wangesimama kidogo. Februari 2024 wakafungua kingine kikubwa zaidi Palmetto, karibu na Atlanta, wakahamisha kwa mpigo kazi yenye ilikuwa imegawanyika mu majengo kadhaa. Makamyo yakapanga foleni inje kungoja kuingia, na mu mwezi wa nne seneta wa Georgia, Jon Ossoff, akamwambia DeJoy mbele ya kamati ya Seneti ya kwamba barua zenye kuingia eneo lile zinazofika kwa wakati ni asilimia 36. Thelathini na sita! Mwezi wa tano wakatangaza kusimamisha kuhamisha kazi zingine mpaka Januari 2025, na mwezi wa tatu 2025 DeJoy akatoka.

Mashine zilikuwepo. Nafasi ilikuwepo, mingi. Shida ilikuwa ku mlango na ku saa. Kuko hesabu ya foleni yenye wainjinia wanaijua: kituo kikifanya kazi kwa asilimia 80 ya nguvu yake, mzigo unangoja kidogo, kikipanda mpaka 95, kungoja hakuongezeki kidogo kama vile mtu angefikiri, kunapanda karibu mara tano. Sababu ni kwamba hakuna tena nafasi ya kumaliza mabaki ya jana, kamyo moja ikichelewa leo inasukuma ya kesho, na ya kesho inasukuma ya kesho kutwa. Wakati kazi iko imegawanyika mu majengo sita, jengo moja likikwama matano yanaendelea. Ukiyafunga yote na kubakisha moja umepata faida ya gari kujaa, lakini umeweka pia mayai yako yote chini ya kuku mmoja, na hii sehemu ya pili haiandikwi mu mpango wa pesa.

Na hawakuwa wanaona hiyo kwa mara ya kwanza. Oktoba 1966 posta ya Chicago, moja ya majengo makubwa ya posta ulimwenguni wakati ule, ilikwama kabisa, barua na vifurushi karibu milioni 10 vikalala ndani. Fujo ile njo moja ya sababu zilileta sheria ya 1970 ya kutengeneza upya posta yao yote.

Kuko jambo lingine la Marekani lenye haliongelewi sana na mimi naliona kubwa kuliko Atlanta. Ili vituo vya mkoa viende vizuri, waliacha kutuma kamyo ya jioni kuchukua barua ku posta ndogo zenye ziko mbali zaidi ya maili 50 na kituo, kama kilomita 80. Barua yenye ulitia mchana inalala pale pale mpaka asubuhi, halafu kamyo ile ile yenye inaleta barua za kuingia inachukua za kutoka. Safari moja badala ya mbili, pesa inabaki. Mwaka 2025, mwezi wa nne halafu wa saba, wakabadilisha na ahadi zenyewe, watu wa mbali wakaongezewa siku. Kwa hiyo mtu wa mji mkubwa anaweza kupata barua mapema kuliko zamani, mtu wa kijijini anapata nyuma, na kipimo kinasema wote wawili wamepata "kwa wakati". Kituo hakigawi faida sawa sawa. Wa karibu anakula mbele.

Haya, turudi huku kwetu, maana hapa mambo yana historia yake. Treni ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 kutoka kusini, na mji ulikua kando ya reli. Kisha reli ya kwenda Port-Francqui, leo Ilebo, kumalizika 1928, mzigo wa Léopoldville, leo Kinshasa, ulipanda treni mpaka kule, ukashuka, ukapanda bato ku mto Kasai. Ilebo ilikuwa kituo cha kubadilishia kabla ya hiyo maneno kuwa ya mtindo, na wazee wanajua mahali mzigo ulikuwa unalala: pale pale kwenye kubadilisha, si mu treni wala mu bato. Ndani ya mji, posta haikuwa inatafuta nyumba ya mtu, kulikuwa sanduku, B.P., unaenda na ufunguo wako unachukua barua zako. UNILU, chuo kikuu chetu, mpaka leo inaandika B.P. 1825 ku karatasi zake. Tunaweza kucheka lakini ilikuwa akili: triyaji inamalizikia ukutani, hakuna shofere wa kuzunguka Katuba nzima akiuliza nyumba ya mama fulani.

Leo posta ya serikali, SCPT, iko na majengo yake, ile Place de la Poste kila Mlushois anaijua, lakini koli za watu zinapita ku ajansi za bisi. Unaleta mzigo, wanapima, wanaandika kwa felti jina na namba ya telefoni ya mwenye kupokea, unalipa, unapewa resi, bisi inaondoka asubuhi, na mtu wa Kolwezi anapigiwa simu aje kuchukua. Nataka niseme wazi: kwa njia yenye bisi inapita moja kwa moja, hii sistemu ni nzuri. Haina mashine, haina skana, na koli yenye imetoka Lubumbashi asubuhi inafika Kolwezi siku ile ile, ni kilomita 300 hivi, barabara ya lami, na peyaji zake. Namba ya telefoni imekuwa anwani. Bisi iko na saa yake, na abiria njo wanailinda, maana shofere akichelewa abiria wanapiga kelele, koli haipigi kelele.

Inavunjikia wapi? Kwenye kubadilisha, kama zamani Ilebo. Koli ya Kasenga kwenda Fungurume inatoka mikono ya ajansi moja kuingia mikono ya ingine, na kati ya hizo mbili hakuna mtu. Iko mu depo ya nani? Resi ya kwanza haina maana kwa wa pili. Mwenye koli anapiga simu huku, wanamwambia "tulishatoa", anapiga kule, wanamwambia "hatujapata", na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kila ajansi iko na depo yake na triyaji yake ya chini ku sima, na hakuna depo moja inajua kitu cha ingine.

Kwa hiyo kituo chenye mimi ninaona kinafaa Lubumbashi ni kidogo kuliko kile wanaota. Paa, sima nzuri, mizani, meza, milango minne: mmoja wa Likasi–Fungurume–Kolwezi, mmoja wa Kasumbalesa, mmoja wa Kasenga, mmoja wa Kipushi. Saa ya mwisho ya kupokea, 18h00, iandikwe ku ukuta kwa herufi kubwa, na mwenye anafika 18h15 koli yake inaenda kesho hata kama ni koli ya mheshimiwa. Watu wa kuskani na telefoni ya kawaida. Mashine za triyaji ziache, na delestaji tunayo hapa mashine itakuwa inalala kuliko kufanya kazi, na kwa kiasi cha koli zetu watu kumi wenye kujua kusoma wanamaliza mbele ya saa tatu za kazi. Mashine inaanza kulipa pale barua ni laki kwa laki na zote za ukubwa mmoja. Kule Marekani faida yake kubwa ilikuwa kupanga barua kufuata njia ya miguu ya postié, nyumba kwa nyumba, kusudi asipoteze asubuhi yake yote akizipanga kwa mkono. Sisi tunaweza kuchukua wazo hilo bila mashine: kituo kitenge koli za mji kwa komini na kwa kartié, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, kusudi manseba, yule wa pikipiki, achukue fungu lake lote la upande mmoja, asivuke mji mara tano kwa koli tano.

Na kuko koli zenye hazipaswi kuona kituo hata siku moja. Ya Katuba kwenda Ruashi, mpe manseba amalize. Ya Likasi kwenda Kolwezi pia: zile ni kilomita 180 hivi moja kwa moja, ukiishusha kwanza Lubumbashi kisha kuipandisha tena umeitembeza kilomita 420 na kuipitisha mbele ya mlango wa mwenye kuituma. Wapangaji wa vituo wanapenda sana "zote zipitie hapa", inapendeza ku ramani, inarahisisha na kuhesabu. Nikisikia mtu anasema zote, ninaanza kuogopa. Njia yenye iko na mzigo wa kutosha kujaza gari yake yenyewe iachwe iende, kituo ni cha zile zenye mzigo wake ni kidogo.

Kubaki swali la nani atakishika, na hapo sitadanganya ya kwamba ni rahisi. SCPT iko na majengo na jina la kisheria, ajansi ziko na bisi na wateja. Ajansi hazitapenda mshindani aone wanabeba koli ngapi, na mimi ningekuwa wao nisingependa pia. Ningeona SCPT itoe sima na daftari, ilipwe kidogo kwa kila koli, bisi zibaki za wenyewe, na ARPTC, yenye kusimamia posta na telekomunikasyo, iangalie jambo moja tu: saa inaanza kuhesabiwa lini. Maana ajansi yoyote itapenda kuanza kuhesabu pale imeskani, na kama imeskani siku ya pili tayari imeshinda. Ianze pale mteja ametoa koli na kupewa resi, imalizikie pale mwenye kupokea amepigiwa simu. Na wasituletee siku za wastani. Wastani wa siku mbili unaweza kuwa koli 90 zenye zimefika kesho yake na 10 zenye zimelala siku 11, na ni wale kumi wenye kujaza radio na malalamiko.

Kwa mwanzo nisingejenga kitu. Ningechukua Likasi, katikati ya njia, ajansi mbili zenye kukubali, saa moja ya kukutana, tuseme 12h00, meza moja, daftari moja, na siku ya kufika iandikwe ku resi. Miezi mitatu, ikiwezekana miezi ya mvua, kusudi mtu asije akasema barabara ilikuwa nzuri. Kama kwa koli 100 zenye zilibadilisha mikono pale 90 zimefika siku yenye iliandikwa, hapo tunaweza kuanza kuongea juu ya matofali, na hata hapo nitauliza kwanza kama Kolwezi isipewe chake, maana na mzigo wote ule wa migodi ya Lualaba sioni sababu ya kuendelea kuupanga huku Lubumbashi.